Joto la Guangzhou, chai chungu, na mama aliyekataa hela yangu (kwa mnaokuja kufunga mzigo Julai na Agosti)

Mchuuzi wa Xiaobei (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila Julai ikiingia simu yangu inajaa maswali yaleyale ya vijana wanaokuja Guangzhou kwa mara ya kwanza. "Kaka, joto hili mnalimudu vipi? Na yale maji meusi wanayokunywa Wachina mtaani ni nini, na mimi ninywe?" Kujibu mmoja mmoja nimechoka. Naandika hapa mara moja, akija mwingine namtumia uzi.

Joto kwanza. Mtu wa Dar hushuka uwanja wa ndege wa Baiyun na kiburi chake: nimezaliwa Kariakoo, joto gani la kunitisha? Nilikuja na kiburi hichohicho 2014, kikayeyuka ndani ya wiki. Dar ukizidiwa unatafuta upepo wa bahari. Guangzhou mwezi wa saba upepo hakuna, hewa imejaa maji, jasho linatoka na halikauki, usiku wa manane shuka limelowa. Halafu unaingia jengo la biashara pale mtaa wa Xiaobei, kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18. Unatoka, moto. Unaingia metro, baridi. Mwili unapigwa huku na huku mara 20 kwa siku. Likumbukeni hilo la moto na baridi, nitalirudia.

Sasa maji meusi. Kikantoni yanaitwa leung cha, Kichina cha shule liangcha, yaani chai ya kupoza. Jina linadanganya mara mbili: majani ya chai hamna, na wazee wa hapa huinywa ya moto. Ni mizizi, maua na majani yaliyochemshwa mpaka yakatoa uchungu wote. Maduka yenye asili yana mitungi mikubwa ya shaba yenye umbo la kibuyu; mara ya kwanza nilidhani ni madele ya kahawa yaliyonenepa. Serikali ya China iliiingiza liangcha kwenye orodha ya urithi wa taifa mwaka 2006, na Mkantoni ukiikejeli mbele yake mmekosana. Lile kopo jekundu la Wanglaoji mnaloliona kila kona, jina lake linatokana na tabibu Wang Zebang, aliyeanza kuuza chai yake 1828.

Ila kopo si dawa. Soma ubavuni: maji, kisha sukari, ndipo inakuja mimea saba. Wenyewe wanasema maua matatu, nyasi tatu, jani moja. Maua ni krisanthemumu, jinyinhua, na yale meupe yenye kitovu cha njano mnayoyaona kwenye bustani za hoteli za pwani. Katika hizo "nyasi" umo urukususu, mzizi mtamu ambao sisi tunaujua kwa Waarabu. Ukinywa kopo umekunywa soda ya Kikantoni, basi. Mimi nazungumzia ile ya kwenye mitungi.

Kwa nini wanakunywa? Mama yangu ni mtu wa Pangani, na alinisaidia kuelewa bila mwenyewe kujua. Utotoni tukitoka vipele au vidonda vya mdomo alisema mna harara, acheni pilipili, acheni maembe. Mwenye mafua yasiyoisha aliambiwa ana baridi, akapewa tangawizi. Wachina wana hesabu hiyohiyo. Wanaita shanghuo, kupanda moto: koo linakwaruza, mdomo una vidonda, choo kigumu, macho mekundu, usingizi hauji. Wakantoni husema jit hei, hewa ya moto. Umekula vya kukaanga, ukamaliza kilo ya matunda ya litchi, ukakesha na simu, moto umepanda. Mimea ya "baridi" inaushusha. Kuna na jambo la pili, sap, unyevu: mwili mzito kama gunia la chumvi lililonyeshewa, ulimi una utando mnene, hamu ya chakula imekufa. Hospitali hawana kipimo cha moto huo, na mimi siwauzii nadharia. Nawapa lugha yao tu, ukiingia dukani ujue unaulizwa nini.

Kisa changu sasa.

Agosti yangu ya kwanza tulikuwa tunapakia kontena kwenye ghala moja wilaya ya Baiyun. Siku tatu mchana kutwa, chakula ni kuku wa kukaanga asubuhi na jioni. Nikatoka vidonda mdomoni, koo kama nimemeza msasa. Jirani yangu akanipeleka kwa mama mmoja mwenye kiduka uchochoroni, akanichotea bakuli la ya sei mei, "ladha 24". Msihesabu, kila duka lina mchanganyiko wake, wengine mimea 10, wengine 28, jina ndilo lililobaki. Na hizo ladha 24 zote ni moja: uchungu. Mwarobaini ni sharubati. Nilibana pua nikapiga mafunda ya haraka kama enzi za klorokwini.

Kesho yake vidonda vimetulia. (Huenda ni kwa sababu nililala pia na kuku nikamwacha. Sikatai.) Basi Mswahili akishaonja nafuu! Nikajiwekea utaratibu: bakuli moja kila asubuhi kabla ya kazi, la kinga. Siku ya tano najiona simba. Wiki ya pili tumbo likaanza kuendesha, natetemeka ndani ya metro wenzangu wakijipepea, miguu haina nguvu. Nikajitibu kwa akili yangu: moto bado haujashuka, niongeze. Nikaenda kununua mabakuli mawili.

Yule mama akanitazama, akanionyesha kwa ishara nitoe ulimi. Nikautoa, mbele za watu. Akamwambia jirani yangu maneno mengi, kisha akazisukuma noti zangu zirudi upande wangu wa kaunta. Jirani akatafsiri: "Anasema moto huna tena, umeumwagia maji mpaka mkaa umezimika. Hakuuzii. Kale uji wa mchele na tangawizi, na usirudi hapa bila ugonjwa."

Nimefanya biashara Kariakoo, nimefanya hapa, sijawahi kuona muuzaji anayesukuma noti zirudi kwa mteja. Nilikula uji siku tatu nikakaa sawa. Tangu hapo nafuata sheria ya yule mama: liangcha ni ya mwenye dalili, siku moja au mbili, basi. Mjamzito, aliye kwenye siku zake na tumbo linamsokota, mtoto mchanga, mzee mwenye tumbo dhaifu, hao wote Wakantoni wenyewe huwakataza.

Na hapa ndipo tunapopotea wengi. Tunadhani ugonjwa wa kiangazi ni moto tu. Watu wengi ninaowaona wakiugua hapa Julai wanaugua baridi: katoka juani, kajimwagia maji ya barafu, kalala chini ya kiyoyozi. Kichwa kizito, kichefuchefu, kuhara, kibaridi mgongoni. Huyo ukimpa chai chungu unamzamisha. Wachina humpa huoxiang zhengqi, fomula iliyoandikwa na ofisi ya dawa ya serikali enzi ya Song, zaidi ya miaka 800 iliyopita. Mna pachuli, maganda ya chenza, urukususu na wenzake. Harufu yake ukiisikia mara moja huisahau, na duka lolote la dawa wanayo.

Lakini jihadharini: ile ya maji, vichupa vya mililita 10, imetengenezwa kwa kilevi, asilimia 40 hadi 50. Ndugu zangu Waislamu, na wewe unayeendesha, usiseme hukuambiwa. Polisi wa hapa hawana utani na kipimo cha pombe. Ombeni ile ya kunywa isiyo na kilevi (koufuye) au ya vidonge.

Kwangu nyumbani mambo ni mepesi zaidi. Supu ya choroko. Ndiyo, choroko hizihizi. Osha gramu 100 hivi, maji lita moja na nusu, zikishachemka ziache na mfuniko juu dakika 10 hadi 15, chuja yale maji ya kijani unywe yakipoa. Choroko zirudishe jikoni kwa maji mengine ziive zipasuke, weka sukari kidogo, ni chakula cha jioni. Viwandani huku wakati wa joto wafanyakazi hugawiwa kwa ndoo. Watu wa Beijing wao wana suanmeitang, maji ya plamu zilizokaushwa kwa moshi, urukususu na sukari mawe; nilipoionja nikacheka, ni sharubati ya ukwaju iliyopanda ndege. Na tikiti maji, matabibu wa zamani waliliita kwa jina la dawa yao kubwa ya homa kali, kwa jinsi linavyopoza. Tena jifunzeni kulala mchana. Saa 7 utakuta ofisi nzima imelala juu ya meza, hawana aibu, na wana haki.

Nimeandika kirefu. La plasta za dawa wanazobandika mgongoni kiangazi nitalieleza mkiuliza. Nawasilisha.

Kaskazi

Mkuu nimekaa mbele kabisa. Natua Agosti 3, ni mara yangu ya kwanza. Choroko nije nazo?

Mchuuzi wa Xiaobei

Haha, usibebe choroko kuzipeleka China mzee. Zimejaa kila duka la nafaka. Beba sufuria ndogo, za hotelini hupewi.

Binti wa Kibokoni

Hizo choroko zenu sisi Mombasa twaziita pojo, na nyanya yangu alikuwa akitupa maji yake tukitoka vipele vya joto. Hakuna Mchina aliyemfundisha. Harara pia ndilo neno letu.

Hebu tueleze za plasta. Mimi nina pumu tangu utotoni. Mwaka jana rafiki alinitumia kutoka huko, nikabandika mgongoni Julai, nikaamka na malengelenge kama nimemwagikiwa na mafuta. Nilichokosea ni nini?

Mchuuzi wa Xiaobei

Pole sana dada. Mimi nilienda kwa ajili ya mafua ya mzio, kila mwezi wa kwanza napiga chafya mpaka kifua kinauma. Zinaitwa sanfutie, plasta za siku za fu. Nilibandikwa hospitalini, foleni imetoka nje ya geti tangu alfajiri, bibi na wajukuu, kila mtu kavua shati. Ilikuwa inawasha kama upupu, nesi akaniambia nibandue yakipita masaa 4. Mwaka ule mafua yalipungua. Uliofuata yakarudi kama kawaida. Hayo ndiyo niliyonayo, ya kitaalamu nimwachie mwanagenzi wetu kama yupo.

Mwanagenzi wa Mitishamba

Nipo. Mwaka wa nne, nasoma tiba ya Kichina hapahapa Guangzhou, kwa hiyo msinichukulie kama daktari bado.

Binti wa Kibokoni, plasta ile haikuwa ya kulala nayo. Ndani mna mbegu za haradali nyeupe, mmea uitwao yanhusuo, gansui na xixin, vimesagwa na kukandwa kwa maji ya tangawizi. Haradali peke yake ukiiacha kwenye ngozi inachoma. Mtu mzima hukaa nayo masaa 2 hadi 6 hivi, mtoto chini ya hapo, na ikianza kuunguza inabanduliwa hata kama ni dakika 20. Gansui na xixin zina sumu, kwa hiyo plasta hiyo ni ya ngozi na si ya kumeza, na mjamzito haguswi nayo. Aliyekutumia bila maelezo ndiye aliyekosea.

La pili ni kalenda. Fu ni siku za joto kali kuliko zote, zinahesabiwa kwa kalenda ya zamani kuanzia siku ya tatu ya "geng" (siku inayojirudia kila baada ya siku 10) baada ya Juni 21. Zina vipande vitatu, na hufika siku 30 au 40. Kuanzia 2015 mpaka 2024 kila mwaka zilikuwa 40. Mwaka 2025 zilikuwa 30 tu, Julai 20 hadi Agosti 18. Msemo wao ni kwamba ugonjwa wa majira ya baridi utibiwe kiangazi, wakati mwili uko wazi na moto uko juu. Tabibu Zhang Lu wa enzi ya Qing aliandika njia hii ya haradali kwa ajili ya pumu mwaka 1695. Sasa wewe Mombasa mwezi wa saba uko kwenye kusi, mnatafuta fulana nzito! Kwa mantiki yao wenyewe ungebandika Februari. Na inhela yako usiiache kwa ajili ya plasta yoyote, hata walimu wangu hawasemi hivyo.

Mchuuzi, umeandika vizuri ila umeruka jambo moja zito. Mtu akianguka kwa joto, mwili unachoma kama pasi, anaongea ovyo au haelewi alipo, huyo si wa chai wala huoxiang. Ni dharura. Kivulini, nguo zivuliwe, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, piga 120. Kila kiangazi madaktari wa huku wanarudia kwamba huoxiang zhengqi haitibu kiharusi cha joto, na kila kiangazi kuna mtu anamnywesha mgonjwa aliyezimia. Aliyezimia hamiminiwi kitu mdomoni, chochote kile.

Mchuuzi wa Xiaobei

Hilo nimekubali, nilistahili kulitanguliza. Kijana mmoja wa Lubumbashi alituangukia ghalani hivyo, tukakimbilia kutafuta dawa badala ya kutafuta bomba la maji. Alipona, ila kwa bahati tu.

Mbishi wa Temeke

Uzi mtamu, lakini naona mnatupeleka kulekule. Moto, baridi, unyevu, ulimi. Mtu kapumzika, kaacha kuku, kanywa maji mengi, kapona, sifa zinaenda kwa mzizi. Mwenyewe Mchuuzi kakiri kwenye mabano. Mngekuwa na babu wa Kitanzania mwenye mitungi mngemwita tapeli.

Mwanagenzi wa Mitishamba

Mbishi, swali lako ni halali. Nikupe mfano mmoja. Katika mimea ya joto la kiangazi kwenye vitabu vyetu uko mmoja unaitwa qinghao, ndio artemisia. Tunafundishwa: unatoa joto la kiangazi, unakata homa za vipindi. Karne ya 4 Ge Hong aliandika namna ya kuutumia: chukua konzi moja, loweka katika maji, kamua, kunywa. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na Tu Youyou aliposoma lile neno "kamua" akashtuka: mbona hakusema chemsha? Huenda moto ndio unaoua dawa. Akatumia etha, inayochemka kwa joto dogo, na mwanzoni mwa miaka ya 70 wakapata artemisinini. 2015 akapewa Nobeli. Dawa mseto unayopewa zahanati ya Temeke ukiwa na malaria, baba yake ni huyo.

Mbishi wa Temeke

Umejifunga goli mwenyewe. Kilichotibu malaria si chai. Ni kilichotolewa kwenye jani, kikapimwa, kikawekwa kipimo, kikachanganywa na dawa nyingine. Shirika la Afya Duniani lenyewe halikubali mtu anywe majani ya artemisia kwa malaria, kipimo chake hakitabiriki na vimelea vinaweza kujenga usugu. Mimea mingine yote ya kwenye mitungi yenu ikipita njia hiyo, niiteni, nitakunywa.

Mwanagenzi wa Mitishamba

Kwa malaria sibishani na wewe hata neno. Mwenye homa apime. Kwa vidonda vya mdomo na koo la kukwaruza, nitaendelea kunywa krisanthemumu yangu.

Mbishi wa Temeke

Kunywa, si sumu. Ndiyo ninayoisema.

Nesi Zamu ya Usiku

"Si sumu" ndilo neno linalotuletea wagonjwa wodini. Naomba nafasi.

Moja. Wako watu walio na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kwetu Afrika wapo wengi, na kusini mwa China pia. Damu yao inavunjika wakigusana na vitu fulani. Hong Kong wazazi wa watoto wa namna hii wanaonywa kuhusu dawa tano za asili za Kichina, na miongoni mwake ni jinyinhua, hilohilo ua la kwenye chai ya kupoza, na mzizi mchungu uitwao huanglian. Kama umewahi kuambiwa usipewe dawa ya malaria iitwayo primakwini, au mwanao alipata manjano kali alipozaliwa, uliza kwanza.

Mbili. Urukususu mwingi kwa siku nyingi unapandisha presha na kushusha potasiamu. Wenye presha wanaomeza vidonge vya kukojoza, mko wengi mno humu, hiyo si chai yenu ya kila siku.

Tatu. Hicho kichupa cha kilevi. Watanzania tukihara tunajinunulia metronidazole bila kuuliza mtu. Mkichanganya na kilevi mnaweza kutapika, uso kuwaka, moyo kwenda mbio. Baadhi ya antibaiotiki za jamii ya sefalosporini nazo ni hivyohivyo. Chagua kimoja.

Nne, figo. Mimea yenye asidi ya aristoloki imeua figo za watu. China ilipiga marufuku mmoja wao, guanmutong, 2003 kwa sababu hiyo. Usinunue mfuko wa mizizi usio na jina. Na chai "chungu" inayokutoa homa na mafua ndani ya nusu saa, itilie shaka. Guangdong wamewahi kukamata maduka yanayotia parasetamoli ndani ya mtungi.

Binti wa Kibokoni

Dada Nesi, Mungu akuweke. Hiyo ya G6PD mdogo wangu anayo, na mamangu ana pakiti ya maua hayo jikoni aliyoletewa zawadi. Nampigia sasa hivi.

Mchuuzi wa Xiaobei

Nesi, hiyo ya parasetamoli nimeisikia kwa majirani. Ndiyo maana mimi sibadilishi duka. Wakongwe wanakwenda soko la Qingping, karibu na kisiwa cha Shamian, wananunua mimea mikavu na kuchemsha wenyewe. Inafaa kama unajua unachonunua. Mimi sijui, kwa hiyo huwa naenda kunusa tu.

Mzee wa Matrah

Nawasoma kutoka Muscat. Huku Juni hadi Agosti serikali imekataza kazi za nje kwenye jua kuanzia saa 6 na nusu mchana mpaka saa 9 na nusu. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza, mengine yote ni nyongeza. Sisi tunatumia ndimu kavu za kuchemsha, na laban (maziwa ya mtindi) yenye chumvi. Nauliza, katika chai zao hizo chumvi imo? Maana anayetoka jasho kutwa anapoteza chumvi, nanyi mwazungumza uchungu na sukari tu.

Mwanagenzi wa Mitishamba

Mzee, umetugusa penyewe. Haimo. Kwenye supu ya choroko baadhi ya watu hutia punje ya chumvi, na viwandani hutolewa vinywaji vya chumvi. Wazee wa Kikantoni wana ndimu iliyovundikwa kwa chumvi miaka na miaka, mpaka ikawa nyeusi. Wanaipondaponda kwenye maji. Nadhani wewe na wao mngeelewana bila mkalimani.

Kaskazi

Wakuu nimetua juzi. Mchuuzi, nimekwenda kwa yule mama kwa ramani uliyonitumia. Sijafungua mdomo kusema nataka nini, kashanionyesha nitoe ulimi! Ya sei mei kaninyima. Kanipa ya maua matano, tamu kidogo, kuna moja jekundu ndani kama ua la msufi.

Mchuuzi wa Xiaobei

Ndilo hilo, ni ndugu wa msufi, tena ndilo ua la mji wa Guangzhou. Likidondoka mwezi wa tatu bibi zao wanaokota barabarani na kuanika. Shukuru, mimi hakunipa tamu hata siku moja. Umelala wapi?

Kaskazi

Hoteli ileile uliyosema. Kiyoyozi hakizimiki, kimekwama nyuzi 17, nimelala na koti. Kichwa kizito tangu asubuhi na chakula sikitaki.

Mchuuzi wa Xiaobei

Hiyo sasa ni ile ya pili, ya baridi. Nenda duka la dawa, onyesha picha niliyokutumia, ile ya vidonge, na waambie mapokezi wakubadilishie chumba. Homa ikipanda hospitali, tena uwaambie umetoka Tanzania wakupime na malaria. Jioni pita kwangu ghorofa ya 4, sufuria umesahau kubeba najua, na uji nimebandika.